Jumamosi Tatu za Gawen Kearton

Jumatatu, 1 Julai 1816

Mvua. Katika siku thelathini zilizopita imenyesha ishirini na mbili; nimezichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa chumba cha jibini. Mwaka jana tarehe kama hii tulikuwa tumeshakata makonde mawili, na nyasi zilikuwa ghalani, kavu, zinanukia. Mwaka huu zimelala chini kama walevi wa sikukuu, na fyekeo bado linaning'inia ukutani. Nina ng'ombe tisa, na baridi ya bonde hili ni ya miezi sita. Hesabu iliyobaki anaiweza hata mtoto.

Ng'ombe hawa sikuwarithi. Baba alituachia paa linalovuja na jina la Metcalfe, na huku kwetu ukirusha jiwe gizani utampiga Metcalfe. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, mdogo wangu Annas minane. Nilifuma soksi nikitembea, nikichunga, nikiwa kanisani hadi kasisi akanikemea. Jozi mia nne na kumi kabla ya ng'ombe wa kwanza. Leo shamba limeandikwa kwa jina langu, Kezia Metcalfe, na mwanamume mwenye haja na nyumba hii huja kwangu na kuvua kofia mbele yangu.

Annas ataolewa mwezi wa tisa, nyasi zikishaingia. Mchumba wake ni Gawen Kearton, mjenzi wa kuta za mawe, niliyemwajiri mwezi wa tatu azungushie ukuta malisho yangu ya juu. Jambo jema. Mimi ndiye niliyeliruhusu.

Jumatano, 3 Julai

Mvua.

Alhamisi, 4 Julai

Mvua. Annas ameunguza uji.

Jumatatu, 8 Julai

Imeanuka nusu siku. Nimepanda kilimani na kamba yangu kupima ukuta. Mjenzi mzuri husimamisha yadi saba kwa siku, na ndivyo tulivyopatana. Kamba ikasema sita na nusu.

"Nusu yadi iko wapi?"

"Nimeibomoa."

"Umebomoa ukuta wangu?"

"Nimebomoa ukuta wangu, Bi Kezia. Utakuwa wako ukimalizika. Ile nusu yadi ingesimama miaka ishirini tu."

"Mimi miaka ishirini inanitosha."

"Uongo," akasema, wala hakuinua macho kwenye jiwe alilokuwa akiligeuzageuza. "Wewe hujawahi kutoshwa na kitu cha miaka ishirini."

Hakuna mtu wa bonde hili aliyewahi kuniambia "uongo" usoni halafu akaendelea na kazi yake. Nilishuka kilima kwa hasira hadi nikaisahau kamba. Ameileta jioni, ameikunja vizuri, akaitundika kwenye msumari wake bila kuuliza ni msumari upi.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada Gawen amempa Annas zawadi ya uchumba: kibao cha kufumia, kile mfumaji anachokichomeka mkandani kushikizia sindano. Kila mchumba huku humchongea mpenzi wake. Hiki kina mnyororo wa pete saba zilizochongwa kwenye mti mmoja, bila kuunganishwa popote. Kazi ya miezi kadhaa.

Ila mfereji wake umekatwa upande wa mtu wa mkono wa kushoto. Annas hufumia kulia. Wa kushoto nyumbani humu ni mimi peke yangu.

Bibi Alderson, jirani yetu, mdomo wake hauna mlango. "Haya tena, kijana! Miezi miwili unakaa na binti kando ya moto wa jikoni, hujajua ana mikono mingapi?"

"Nimekosea," akasema Gawen.

Annas akawa mwekundu hadi masikioni. Mimi nilimwambia yule bwana: mtu anayeshikamanisha mawe bila tope, anashindwaje kujua mkono wa mke wake? Kibao kiko dirishani. Nimekijaribu mara moja tu, Annas alipokwenda kisimani. Kinakaa kiunoni kama kimezaliwa hapo. Kimenikera kwa jinsi kinavyokaa.

Ijumaa, 19 Julai

Mvua na ubaridi wa Novemba. Annas amesahau kufunga kuku.

Alhamisi, 25 Julai

Siku tatu za jua, za kwanza tangu Mei. Gawen aliacha ukuta akaja kutusaidia kukata. Alisema tuanze konde la juu, lenye upepo. Nikasema la chini. Tukakata la chini, kwa sababu shamba ni langu.

La chini halikukauka. Leo saa tisa alasiri wingu likapanda nyuma ya kilima, jeusi kama chungu, na nyasi zilikuwa bado kwenye vilundo kondeni. Annas akakimbia kuleta farasi. Tukabaki mimi na Gawen, tukibeba kwa uma na kwa mikono, tukikimbia kuelekea ghala la kondeni. Mimi nilihesabu vilundo ili nijue kama tutawahi. Nikapata thelathini na nane. Nikarudia, nikapata arobaini na moja. Vilikuwa arobaini na viwili. Sijakosea kuhesabu tangu nina miaka saba.

Mvua ilipopasuka tulikuwa ndani na vilundo thelathini na moja. Tulisimama mlangoni tukitazama kumi na moja vikizama.

"Bi Kezia," akasema, "ulikosea konde."

"Nilikosea."

"Sikusikia vizuri, mvua hii."

"Umesikia."

"Sema tena, nikawahadithie wajukuu."

Nikacheka. Mimi, nyasi zinaoza mbele ya macho yangu, nimesimama nacheka na mjenzi wa kuta. Alikuwa na majani hadi kwenye nyusi. Niliutazama mkono wake kwenye mhimili wa mlango na nikajua, kama mtu anavyojua kwamba jino limeoza: ghafla, na kumbe ni la muda mrefu.

Annas akaingia na farasi, amelowa chapachapa. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Mmeokoa ngapi?" akauliza.

Ijumaa, 26 Julai

Mvua. Ni mchumba wa mdogo wangu. Naandika nilione kwa wino. Ni mchumba wa mdogo wangu, niliyemchana nywele, niliyemfundisha kukamua, niliyelala njaa yeye ale. Na hajui kufunga kuku!

Jumatano, 31 Julai

Nimemwambia Gawen ajenge kutokea upande wa pili wa kilima, ambako sioni. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mjenzi hajengi maswali.

Jumanne, 6 Agosti

Mvua. Maziwa yameganda kwa uzembe wa Annas. Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika. Hakulia. Siku hizi halii, ananitazama tu kama anayesubiri nimalize.

Jumapili, 11 Agosti

Mvua. Gawen amekula kwetu. Mimi nilikuwa na kazi zizini. Zizini hakukuwa na kazi yoyote.

Jumapili, 18 Agosti

Tangazo la kwanza la ndoa kanisani. Kasisi akauliza kama kuna mwenye kizuizi. Mbwa wa mtu akabweka, watu wakacheka.

Jumapili, 25 Agosti

Tangazo la pili. Mbwa hakuja.

Jumatano, 28 Agosti

Nitaandika kama yalivyosemwa, kwa sababu kesho nitataka kujidanganya.

Tulikuwa tunakamua jibini, mimi na Annas, mikono hadi viwiko. Akatia chumvi mara mbili. Nikamwambia: wiki mbili zijazo utakuwa na nyumba yako, utamlisha Gawen chumvi tupu?

"Atakula," akasema. "Gawen hakatai kitu. Ndiyo shida yake."

"Wewe, heshimu mchumba wako."

"Wangu?" Akaweka kitambaa chini. "Dada, yule hajawahi kuwa wangu hata Jumamosi moja."

Huku kwetu kijana akimtaka binti, huja kwa mkuu wa nyumba kuomba ruhusa ya kukaa motoni Jumamosi. Mkuu akikubali, watu wa nyumba hupanda kulala na kuwaachia wawili moto. Jumamosi ya kwanza ni mazungumzo. Ya pili ni nia. Ya tatu ni ahadi, na kijana akirudi nyuma baada ya hapo, bonde zima humpigia masufuria mlangoni usiku saba, na hakuna atakayempa jiwe la kusimamisha. Mkuu wa nyumba huwa ni baba. Au kaka. Hapa mkuu ni mimi.

Mwezi wa tano Gawen alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema: "Bi Kezia, naomba ruhusa nije Jumamosi nikae motoni." Sikumwacha avute pumzi. Nilimwambia: "Annas yumo ndani," nikachukua mshumaa nikapanda kulala.

"Ile Jumamosi ya kwanza," akasema Annas, "alikaa ukingoni mwa benchi, kofia magotini. Akaniuliza, 'Dada yako atashuka saa ngapi?' Nikadhani ananitania. Akauliza tena."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba dada kalala. Kwamba dada hana shughuli na mambo haya."

"Na ya pili?"

"Ya pili ulimfungulia mlango mwenyewe! Ukamsogezea kiti. Ukasema, 'Kaa, Annas anakungoja.' Ulitaka afanyeje?"

"Afungue mdomo."

"Mbele yako? Nani amewahi kufungua mdomo mbele yako, dada?"

"Wewe unao mdomo. Miezi mitatu na nusu umekaa nao."

Hapo akalia, lakini kwa hasira, kamasi na yote. "Mimi nilitaka kitu kimoja ndani ya nyumba hii ambacho si wewe uliyekinunua. Kimoja! Kila kijiko ni chako. Viatu hivi ni vyako. Nikasema huyu basi, hata kama amekuja kwa makosa, amekaa upande wangu wa moto. Nikadhani atanizoea. Halafu akaleta kile kibao."

"Unampenda?"

"Ananisikiliza nikiongea," akasema. "Wewe hujui hiyo ni nini, kwa sababu wewe kila mtu anakusikiliza."

Nilikuwa na mambo ishirini ya kumwambia. Nilimwambia jibini ni la nguruwe sasa, alimwage.

Nimehesabu. Mwezi wa tano, maneno yangu mlangoni yalikuwa matatu. Nimejipokonya mwanamume kwa maneno matatu, na nikajiona mwema.

Jumamosi, 31 Agosti

Mvua. Sijasema na mtu.

Jumapili, 1 Septemba

Tangazo la tatu. Kasisi akauliza kama kuna mwenye kizuizi, asimame aseme. Nilikuwa nyuma ya Gawen kwa benchi mbili. Niliitazama shingo yake. Nilisema moyoni: kama ni mwanamume, shingo ile itageuka. Nilihesabu hadi kumi na nne. Ilikuwa ikitazama kofia yake. Kasisi akafungua zaburi.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimepanda upande wa pili wa kilima. Amejenga yadi mia moja na themanini ambazo sikuwa nimeziona. Nyoofu kama mstari wa daftari. Hilo nalo limenitia hasira.

"Ni kweli?" nikamuuliza. "Mwezi wa tano ulikuja kwa ajili ya nani?"

Akaliweka chini jiwe alilokuwa nalo. Akafuta mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja. "Unajua."

"Sijui. Mimi huambiwa, ndipo ninapojua."

"Nilikuja kwa ajili yako. Sikulala siku tatu nikipanga maneno. Nikayasema, ukaniambia Annas yumo ndani. Nikadhani ndiyo njia yako ya kunikataa. Kwamba mjenzi wa kuta atosheke na mdogo."

"Na Jumamosi ya pili?"

"Nilikuja kukueleza. Ukanisogezea kiti."

"Na ya tatu?"

Akainama kuliokota tena lile jiwe.

"Gawen Kearton, nimekuuliza ya tatu."

"Ya tatu nilikuja kwa sababu mtu akikaa pale jikoni anakusikia unavyotembea juu," akasema. "Mbao zinalia. Nilikuwa nakusikia."

Kama ningekuwa mtu mwingine ningelia pale pale. Mimi nilitaka kumpiga na jiwe. Mdogo wangu amekaa mbele yake akimsimulia mambo ya moyo wake, na yeye anasikiliza dari!

"Basi sema," nikamwambia. "Shuka sasa hivi ukamwambie Annas, ukamwambie kasisi. Wapige masufuria usiku saba. Mimi nitakaa mlangoni pamoja nawe na sufuria langu."

Akanitazama kwa muda mrefu. Macho mazuri, Mungu anisamehe. "Kezia, wewe sema neno moja tu. Niambie nisiende kanisani, sitakwenda. Neno moja lako."

Hapo ndipo nilipopoa. Nilipoa kama chuma kinachotumbukizwa majini.

"Miaka kumi na moja," nikamwambia, "kila neno la nyumba ile ni langu. Mvua ikinyesha ni mimi ninayesema tufanyeje. Ng'ombe akifa ni mimi. Neno hili moja lilikuwa lako. Nimekuja hadi hapa juu kulisikia, na unanirudishia mimi nilibebe tena?"

"Ni mdogo wako. Sitaki iwe mimi niliyewa—"

"Hutaki iwe wewe. Hilo nimelielewa."

Nikashuka. Nyuma yangu sikusikia jiwe likiwekwa, wala mguu ukinifuata. Nilisikiliza hadi chini kabisa.

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua nyembamba. Nimemwambia Annas kwamba nimezungumza na Gawen na kwamba atakwenda kanisani. Akauliza, "Kwa hiari yake?" Nikamwambia hiari yake haijawahi kuonekana na mtu.

Jumatatu, 9 Septemba

Bibi Alderson amekuja na hori la nguruwe wake, la mbao, amelisugua kwa mchanga. Mdogo akiolewa kabla ya mkubwa, mkubwa huvua viatu na kucheza ndani ya hori la nguruwe mbele ya wageni, muziki mmoja mzima. Ndivyo ilivyo. Shangazi yangu alicheza akiwa na miaka hamsini.

"Si ulilala na vitabu vyako vya hesabu, mwanangu," akaniambia. "Njoo upime, mguu usije ukakwama."

Nikamwambia utaenea.

Alhamisi, 12 Septemba

Wameoana saa nne asubuhi. Annas alivaa gauni la kijani nililoshona mimi. Gawen alisema "ndiyo" kwa sauti ndogo hata kasisi akamrudisha aseme tena.

Uani kwetu walikuwa watu sitini na mmoja. Jibini, mkate wa shayiri, mapipa mawili ya bia. Mvua ilikuwa imekatika, matope yapo. Wakaleta hori. Wanawake wakaanza kugonga masufuria, "Dada mkubwa! Dada mkubwa!" Nikavua viatu, nikavua soksi, nikaingia. Mzee Harker akaanza fidla.

Nilicheza. Watu walicheka vizuri tu, ni desturi, hawakuwa na ubaya. Bibi Alderson akapaza sauti, "Inua gauni, tuone kama miguu nayo ina hesabu!" Muziki ukaisha. Wakapiga makofi. Nikamwambia Mzee Harker, "Tena."

Mara ya pili walicheka pia, lakini wakitazamana. Ubao wa hori una vibanzi, nikahisi unyayo umechanika. Muziki ukaisha.

"Tena."

"Basi, Bi Kezia, desturi ni mara moja."

"Nimelipa fidla ya mchana kutwa. Tena."

Mara ya tatu hakucheka mtu. Masufuria yalinyamaza moja moja. Damu ilikuwa inaonekana kwenye mbao. Nilikuwa nimemkazia macho mtu mmoja tu, na yule mtu alikuwa mweupe kama maziwa ya asubuhi, bibi harusi ameshika mkono wake. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Akaachia ule mkono. Akapita katikati ya watu, akanishika viwiko, akasema kwa sauti ambayo watu sitini waliisikia:

"Basi, Kezia wangu. Basi. Utajiumiza."

Fidla ikakatika.

Nikamwambia, taratibu, "Umechelewa, shemeji."

Nikatoka ndani ya hori, nikaokota viatu vyangu, nikapita mbele ya Annas. Sikumtazama usoni. Nilipaswa kumtazama.

Ijumaa, 13 Septemba

Jua. Jua kamili, tangu alfajiri, na upepo mkavu kutoka mashariki. Konde la juu lilikatwa Jumanne. Leo au lipotee.

Saa mbili nilikuwa juu na reki, miguu imefungwa vitambaa. Annas akatokea getini peke yake, amevaa nguo za kazi. Gawen kaenda ng'ambo ya mto kutafuta ukuta wa kujenga, akasema. Hatafanya tena kazi hapa. Alipoambiwa hivyo na mke wake, alikubali. Bila shaka alikubali.

Akasimama mbele yangu.

"Ulijua atasema?"

Ningeweza kumjibu mambo mengi. Nimemlea, najua uongo anaoukubali.

"Nilijua," nikasema. "Nilidhani ni mara ya pili. Ilichukua tatu."

"Kwa hiyo ulicheza hadi aseme. Mbele ya watu wote. Siku yangu."

"Ndiyo."

Akainua mkono, nikadhani atanipiga, na nisingeuzuia. Akauchukua uma uliokuwa umeegemea ukutani.

"Sitakusamehe, dada."

"Najua. Mimi nami sijakusamehe."

"Anza kule," akasema. "Mimi naanza huku. Na usinihesabie."

Tumekwenda hivyo hadi jua limeshuka, yeye huku, mimi kule, bila neno. Safu hamsini na tatu, zote kavu, zote zimeingia. Ng'ombe watakula hadi Machi.